Swichi Nyuma ya Mlango wa Jikoni

Katika kitongoji cha Kedunglo, Lasinem alijulikana kwa mikono yake. Wanawake wanaopandikiza mpunga hurudi kinyumenyume ndani ya tope, wameinama, kila mmoja na fungu lake la miche, na wengi huhitaji kamba ili mistari isipinde. Yeye hakuhitaji. Aliyepanda ubavuni mwake kila msimu alikuwa Ngatirah, mke wa jirani yake Parjan. Wawili hao waliolewa Kedunglo mwaka mmoja, wote wakiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo hakuna msimu ambao mmoja alishika miche bila mwenzake kuwa karibu kiasi cha kumrushia tope.

"We Yu Las, punguza mwendo," Ngatirah angemwambia, maana wanawake wa huko huitana Yu, yaani dada. "Au kuna mchumba anakungoja kule kwenye tuta?"

"Yupo. Ana meno mawili, na ameniambia wewe umemchosha."

Miaka thelathini na minne walicheka hivyo, wameinama, hawaonani nyuso.

Viwanda vilianzia ng'ambo ya barabara kuu, mbali, moshi tu. Kisha vikavuka barabara: cha nyuzi, cha viatu, cha maboksi. Kila kimoja kilipotaka kujengwa, malori ya udongo mwekundu yalikuja miezi miwili mfululizo, yakamwaga na kumwaga juu ya majaruba ya mpunga mpaka ardhi ikainuka kimo cha dirisha. Wening, mtoto pekee wa Lasinem, alipata kazi ya cherehani huko, na mshahara wake ndio ulioleta friji na jungu la umeme la kupikia wali. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na ugomvi na viwanda. Ukuta wa mwisho ulisimama mita mia mbili kutoka jaruba la Darsono, mume wa Lasinem. Ulikuwa mweupe na mrefu, na tangu uliposimama hawakupata tena upepo wa kaskazini.

Mwaka huohuo panya wakaja.

Kedunglo panya hatajwi kwa jina lake wakati mpunga uko shambani. Huitwa Bwana Mzuri, asije akasikia akakasirika. Siku zote walikuwepo, wanakula kidogo, wanaachia watu kingi. Lakini hawa walikuwa wametoka kwenye majaruba yote yaliyofukiwa, na hawakuwa na pa kwenda isipokuwa kipande kile kilichobaki kati ya ukuta na mto. Jioni, jua likiwa bado halijazama, ungesimama kwenye tuta na kuwasikia ndani ya mpunga, kama mkusanyiko wa watu wanaotafuna karanga bila kusema neno. Asubuhi ungekuta mpunga uliokuwa umeshika mimba umelala juu ya maji, umekatwa vidole viwili kutoka shinani. Mwingine haukuliwa hata punje. Umekatwa tu, ukaachwa.

"Wanatukomoa," alisema Parjan. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, mwenye kofia ya majani iliyotoboka. "Bwana Mzuri ana hasira na kiwanda, lakini kiwanda hakina mpunga. Basi anatuuma sisi."

Walijaribu kila kitu. Waliziba mashimo na kufukiza moshi wa salfa. Walitoka wote kwa marungu siku ya Ijumaa baada ya sala, wakaua mia tatu, na Jumatatu hakuna aliyeona tofauti. Walitega sumu, wakafa paka. Nyoka wa mpunga, ambao ndio walikuwa polisi wa zamani wa mashamba yale, walikuwa wamekwisha kukamatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa ngozi. Msimu wa kwanza Darsono alivuna magunia kumi na saba badala ya arobaini. Msimu wa pili alivuna manne, na hayo manne yalinuka mkojo.

Darsono hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile ya magunia manne alikaa barazani, akavua buti, akamimina maji yaliyokuwa ndani, na kusema, "Mama Wening, nitaweka waya."

Alikuwa ameshauona kwa wengine. Gimin, aliyewahi kuwa fundi umeme kiwandani kabla hajapunguzwa kazi, ndiye aliyeuleta Kedunglo. Ni waya mtupu usio na ganda, umefungwa kwenye vijiti vya mwanzi kuzunguka jaruba zima, kiganja kimoja juu ya maji, na umeme wa nyumbani unapita humo. Panya akigusa, basi. Parjan naye alikuwa ameshafunga wake.

"Na mtu akigusa?" aliuliza Lasinem.

"Ndiyo maana kuna balbu," alisema Gimin, akionyesha mti wa mwanzi uliosimama kwenye kona ya jaruba na taa nyekundu juu yake. "Ikiwaka, kaa mbali. Ikizimika, ingia. Hata mtoto anaelewa."

Swichi Gimin aliiweka nyuma ya mlango wa jikoni kwa Lasinem, kando ya msumari wa kutundikia ungo. Kuwasha ilikuwa kazi ya Darsono, baada ya magharibi. Kuzima ilikuwa kazi ya Lasinem, kwa sababu ndiye aliyeamka wa kwanza. Adhana ya alfajiri ilipotoka kwenye kipaza sauti cha msikiti, mkono wake ulikwenda wenyewe: kwanza swichi, ndipo maji ya udhu, ndipo jungu la wali.

Asubuhi ya kwanza Darsono aliokota panya sitini na watatu. Aliwapanga kwenye tuta, matumbo juu, mikia upande mmoja, akamwita mkewe aje kuona. Lasinem alikwenda, akaona, akarudi nyumbani na kunawa mikono ingawa hakuwa amegusa kitu.

Msimu ule wakavuna magunia thelathini na sita. Kedunglo yote ikafunga waya. Jioni zile taa nyekundu ziliwaka kuzunguka kitongoji mpaka wageni waliopita barabarani wakauliza kuna harusi ya nani. Watu walijifunza kutembea katikati ya njia. Wanawake waliacha kwenda mferejini baada ya saa kumi na mbili. Vyura walipungua, na watu wakazoea.

Kisha mtu akafa kwenye kitongoji cha ng'ambo ya mto. Kwenye waya wake mwenyewe. Mkuu wa kitongoji, Pak Bayan, aliitisha mkutano kwenye ukumbi, akasoma barua ya serikali inayokataza. Wanaume wote walikubali kwamba ni hatari. Walitia sahihi, wakanywa chai na ndizi za kukaanga, wakaenda nyumbani kuwasha.

"Wewe je?" Lasinem alimuuliza mumewe.

"Yule alikuwa mzee, alisahau. Sisi tuna utaratibu."

Na ni kweli walikuwa na utaratibu.

Siku yenyewe ya msiba ilianza tangu jioni iliyotangulia. Ilikuwa mwezi wa Februari, mpunga umeanza kutoa masuke. Darsono aliwasha kama kawaida, na mara baada ya isha ikaja dhoruba, ikang'oa mabati na kuangusha mti wa mtiki juu ya nyaya za barabarani. Umeme ukakatika kitongoji kizima. Balbu zote mashambani zikazimika kwa pamoja, na watu wakalala.

Kulipokucha kipaza sauti cha msikiti hakikutoa sauti. Muadhini aliadhini kwa mdomo, lakini mvua ilikuwa bado inapiga mabati na Lasinem hakumsikia. Aliamshwa na Wening, aliyekuwa akihangaika kutafuta sare yake gizani.

"Mama! Nimechelewa, simu imekufa, na kiwandani hawajui habari ya dhoruba!"

Lasinem akaruka kitandani. Jungu la umeme lilikuwa limekufa, kwa hiyo akawasha kuni, akachemsha maji, akamfungia binti yake mihogo ya jana na kipande cha tempe ya soya. Wening akaondoka na pikipiki yake, matope yakiruka. Darsono akaondoka na panga kwenda kusaidiana na wanaume kuutoa ule mti barabarani. Jua likatoka. Mvua ikakatika. Lasinem alikuwa amepita mbele ya mlango wa jikoni mara kumi au zaidi. Mkono wake haukwenda popote, maana hakukuwa na adhana iliyouita, na hakukuwa na umeme wa kuzima.

Yapata saa kumi na mbili na nusu Parjan alisimama uani, jembe begani.

"Yu Las! Huku kwenu umeme upo?"

Lasinem alichungulia dirishani, macho yamejaa moshi, akamjibu kwa Kang, yaani kaka, kama alivyozoea. "Haupo, Kang Jan. Tangu jana."

"Hata kwangu haupo. Basi nakwenda kufungua mfereji, maji yamejaa mno, mpunga wa mumeo na wangu utalala. Nitapitia kwenu, kule kwangu tuta limebomoka."

"Nenda tu. Ukirudi pitia chai."

"Sukari iwe ya kutosha lakini. Siyo ile ya mwaka jana." Akaenda, akipiga mluzi.

Lasinem alirudi kwenye jiko. Alikuwa anakatakata pilipili. Baada ya muda, hakujua muda gani, dakika kumi, kumi na tano, nyuma yake kitu kikaguruma. Ilikuwa friji. Taa ya jungu la wali ikawaka, rangi ya machungwa, na redio ya jirani ikaanza kuimba katikati ya wimbo. Alifurahi. Jambo hilo hakuweza kulisahau baadaye: kwamba kwanza alifurahi, akasema alhamdulillah kwa sauti, akaweka kisu chini ili aanze kupika wali kama watu.

Ndipo akageuka na kuiona swichi.

Aliipiga kwa kiganja, akatoka mbio bila viatu. Njia nzima alikuwa anaita jina la Parjan. Tuta lilikuwa linateleza, alianguka mara mbili. Alipofika kwenye kona ya jaruba alimwona Parjan amelala ubavu ndani ya maji, kofia inaelea mbele yake, mguu mmoja umenasa kwenye waya. Balbu juu ya mwanzi ilikuwa imezimika.

Hapo Lasinem akasimama. Hakuingia. Akili yake ilikuwa inajaribu kukumbuka jinsi mkono wake ulivyokwenda. Alipiga swichi, lakini kwenda juu au kwenda chini? Mara moja au mara mbili? Balbu imezimika kwa sababu amezima, au kwa sababu imeungua na dhoruba? Jana yake angecheka kama ungemuuliza swali kama hilo. Sasa alisimama, maji hatua mbili mbele yake yametulia, na hakuweza kuuamini hata mkono wake mwenyewe.

Ngatirah alikuja mbio kutoka upande wa pili, khanga ya kichwani imedondoka. Hakusimama. Alikuwa anakwenda moja kwa moja ndani ya maji. Lasinem akamrukia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote juu ya tuta.

"Niachie!"

"Usiingie! Sijui kama umezimwa, Yu, sijui!"

"Niachie, mume wangu huyo! Niachie!"

Alimpiga Lasinem kwa viwiko, akampiga mdomoni, akamng'ata mkono. Lasinem hakuachia. Wanaume walipofika wakikimbia kutoka barabarani, walimkuta bado amemshika vile, damu inamtoka mdomoni, wote wawili wamejaa tope kama siku za kupanda. Darsono alitafuta mti mkavu wa mwanzi, akauinua waya, mwenzake akaukata kwa panga lililofungwa mpira wa baiskeli. Wakamtoa Parjan. Hakukuwa na la kufanya tena.

Walipokuwa wakimbeba, Darsono alimvuta mkewe pembeni.

"Ulizima asubuhi?"

Lasinem alitikisa kichwa.

Darsono aliangalia juu, kule kwenye ule ukuta mweupe, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa hapo. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Nisikilize vizuri. Mimi ndiye niliyewasha, na mimi ndiye niliyesahau kuzima. Wewe swichi huijui. Wewe ulikuwa unapika. Umeelewa?"

"Baba Wening..."

"Umeelewa?"

Polisi walifika saa nne wakiwa na kamera. Walipima waya, wakapiga picha swichi, wakauliza ni ya nani. Darsono alijibu kila swali kabla mkewe hajafungua kinywa. Wakamchukua na buti zake.

Parjan alizikwa siku hiyohiyo kabla ya alasiri. Jioni ile, kama desturi inavyotaka, wanawake majirani walikwenda kwa wafiwa kupika chakula cha dua. Lasinem alikaa kitako nyumbani kwake akitazama kisu chake. Asipokwenda, atakuwa ametangaza uadui. Akienda, atakuwa anakula chakula cha msiba wa mtu ambaye yeye mwenyewe amemtuma mautini. Alikwenda. Wanawake waliokuwa jikoni walinyamaza alipoingia, kisha wakaendelea kuongea, kwa sauti ya juu kidogo kuliko lazima. Ngatirah alikuwa amekaa kwenye kona, macho yamevimba. Alimtazama Lasinem na mdomo wake uliopasuka. Akanyoosha mkono, akamsogezea nazi mbili na mbuzi ya kukunia, kama alivyofanya kwenye kila shughuli kwa miaka thelathini na minne.

Lasinem akakuna nazi. Afadhali angetukanwa.

Kesi ilikwenda haraka. Ngatirah na wanawe walitia sahihi barua ya kumsamehe Darsono, Pak Bayan akaipeleka mahakamani, na hakimu akasema msamaha ni jambo jema lakini mtu amekufa. Alimpa mwaka mmoja na miezi miwili. Lasinem alikwenda kumwona gerezani kila Jumamosi ya pili, na mara zote mumewe aliuliza habari za mpunga tu.

"Nitakwenda kusema," alimwambia siku moja. "Siwezi kubeba jambo hili."

"Ukisema, watanifunga mimi kwa uongo na wewe kwa uzembe. Nani atabaki na Wening? Kaa kimya, Mama Wening. Unakonda. Kula."

Baada ya kifo kile nyaya zote za Kedunglo zilifunguliwa mchana kweupe, Pak Bayan akisimamia, zikalundikwa mbele ya ukumbi kama lundo la nywele. Kwa wiki moja watu walilala kwa amani. Wiki ya pili, jioni, Lasinem alitoka uani na kuisikia tena ile sauti ya karanga zinazotafunwa. Ilikuwa karibu zaidi kuliko mwanzo. Ilikuwa kwenye bustani yake ya mboga. Panya mmoja mkubwa alikuwa amekaa wima juu ya tofali la kisimani, anamtazama, na hakukimbia mpaka alipomrushia kandambili.

Masuke ya msimu ule hayakuvunwa. Walichokuta ni mabua.

Msimu mpya ulipofika, Pak Bayan aliita wanawake wa kupandikiza kwenye jaruba lake. Lasinem na Ngatirah hawakupanga, lakini walipoingia kwenye maji walijikuta ubavu kwa ubavu, maana ndivyo wenzao walivyowaachia nafasi. Walipanda saa nzima. Mistari ilisogea, matako nyuma, mikono chini. Kisha Lasinem, akiwa ameinama, akiyaambia yale maji, akasema yote. Kwamba Kang Darsono hakusahau kitu. Kwamba kuzima ilikuwa kazi yake yeye. Kwamba Parjan alisimama uani akauliza, na yeye akamjibu nenda tu, na akamwahidi chai.

Mikono ya Ngatirah haikusimama. Alichomeka mche, akachomeka mwingine.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa bandani nalisha kuku. Nilimsikia akiuliza, nikakusikia ukijibu. Hata mimi nilijua hakuna umeme, Yu. Angeniuliza mimi ningemwambia vilevile, nenda tu." Alisukuma tope kwa kisigino. "Kang Dar nimemsamehe kwa karatasi. Wewe hakuna aliyeniletea karatasi."

"Na kama ningeileta?"

"Sijui. Usiniulize. Na usiniambie tena hili jambo, sitaki kulisikia mara ya pili. Nyoosha mstari wako, umepinda."

Lasinem alitazama. Ulikuwa umepinda kweli, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Aliing'oa ile miche, akaipanda upya, na machozi yalikuwa yanadondokea majini bila yeye kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa michafu.

Waya wa kwanza ulirudi mpunga ulipofika magotini. Hakuna aliyesema aliufunga nani. Wa pili ukafuata, na wa tatu. Safari hii haikuwekwa ile miti ya mwanzi yenye taa nyekundu, kwa sababu taa huonekana barabarani, na polisi hupita barabarani. Gimin alikuwa amehamia kwa mkwewe, kwa hiyo kila mtu alifunga wake kwa jinsi alivyokumbuka kuona. Nyaya nyingine zilipita chini ya majani. Nyingine zilitoka kwenye pampu ya kisima na si nyumbani, na swichi ilikuwa ni kuchomeka na kuchomoa tu.

Siku Lasinem alipomwona mtoto wa kwanza wa Ngatirah anachonga vijiti vya mwanzi, alivuka ua.

"Yu Ngat, usimwache afanye hivyo. Nakuomba. Baba yake amefia humo."

Ngatirah alikuwa anapepeta mchele. Mchele wa dukani. "Tumevuna mabua, Yu. Nile nini? Nile rambirambi?"

"Mchele wa Wening tutagawana."

"Mpaka lini?" Ungo ulipanda, ukashuka. "Hao akina Bwana Mzuri hawatanimalizia mume na shamba pia. Watachagua kimoja."

Lasinem alirudi kwake.

Darsono aliachiwa mwezi wa Mei mwaka uliofuata. Alirudi amenyolewa, mwepesi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuzunguka jaruba lake ambalo mkewe alikuwa amelipanda peke yake na kuliacha bila waya. Kuzunguka pande zote majirani walikuwa wamefunga, na kwa sababu hiyo panya wote waliokuwa hai walikuwa wamekusanyika kwake. Mpunga wake ulikuwa na vipara kama kichwa cha mgonjwa. Alisimama pale mpaka jioni. Aliporudi alisema, "Ni usiku mmoja tu wa waya, Mama Wening. Usiku mmoja, nipunguze."

"Ukifunga," alisema Lasinem, "nitalala hukohuko shambani, ndani ya maji. Uamue mwenyewe kama utawasha."

Hawakuzozana zaidi. Darsono alimjua mke wake. Baada ya wiki mbili alipata kazi ya kufagia uwanja wa kiwanda cha maboksi, upande wa pili wa ule ukuta, na alipoulizwa kukoje huko alisema ni pakavu, na hakuna panya hata mmoja. Jaruba likabaki la Lasinem. Kila msimu alipanda lote na kuvuna robo, wakati mwingine chini ya hapo, na wapo waliosema barazani kwamba anawafuga.

Msimu mmoja, wakati wa palizi, wanawake saba walikuwa kwenye jaruba la Ngatirah, asubuhi, jua limeshakaa vizuri. Mtoto wa Ngatirah alikuwa amechomoa waya wa pampu mbele ya macho yao wote, akaushika ule mwisho mkononi, akawaonyesha. Waliingia. Lasinem alikuwa wa mwisho kuingia, lakini aliingia. Alikuwa hana namna, ile siku alihitaji posho, na Ngatirah alikuwa amemwita kwa jina.

Walikuwa katikati ya jaruba pale sauti iliposikika kutoka mashamba ya kusini. Ilikuwa ni mlio mmoja, mrefu, uliokatika ghafla.

Wote saba waliinuka kwa pamoja. Kila mmoja aliwatazama wengine, uso hadi uso, akihesabu aliopo, na kisha macho yakaenda mbali, kila mtu akifikiria mume wake, kaka yake, mtoto wake yuko upande gani asubuhi ile. Ngatirah alikuwa ameshika kifungu cha magugu kifuani kama mtoto mchanga. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu.

Kule kusini mtu akapanda juu ya tuta, akapunga kofia. "Ni mbuzi!" alipiga kelele. "Mbuzi wa Pak Bayan! Kapita kwenye waya!"

"Mbuzi!" akarudia mmoja, na ndipo kicheko kikawatoka. Walicheka mpaka wakashikana mabega. "Leo Pak Bayan atatualika mchuzi!" "Atatoza kiingilio huyo!" Ngatirah alicheka kuliko wote, machozi yanamtoka, akamrushia Lasinem tope likampata shavuni, na Lasinem naye akacheka, akajifuta kwa mkono wa nguo.

Kicheko kilipoisha waliinama tena. Palizi ilikuwa imebaki nusu. Lasinem alishika gugu lililokuwa mbele yake, akaling'oa, akashika la pili. Halafu akagundua kwamba hakusikia maji yakicheza. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Wanawake wote walikuwa wakipalilia pale pale walipokuwa wamesimama, mikono inakwenda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinua mguu.